Mgonjwa Kidogo

Neno la Kiingereza lililonisumbua kuliko yote nililipata kwa kidole kidogo. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nikisomea kupiga taipu katika chuo kimoja cha ghorofani mjini Kisumu, juu ya duka la vitambaa. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuolewa Kisumu, na sidhani kama aliwahi kuona sababu ya kwenda kwingine. Alipita kati ya meza akitaja vitufe, nasi tukavipiga bila kuangalia chini. Comma. Full stop. Oblique. Hiyo oblique ilikuwa kile kimstari kilichoegemea, kitufe cha pembeni kabisa, na ilikuwa kazi ya kidole kidogo cha mkono wa kulia, ambacho kwangu kilikuwa kivivu.

"Madam, oblique ni nini hasa?" niliuliza siku moja.

"Ni laini," alisema. "Hapana simama, hapana lala. Piga."

Sikutosheka. Kutotosheka ndiyo tabia yangu, na shangazi yangu aliiita ugonjwa. Wakati wa chai nilifungua kamusi kubwa ya chuo. Maana ya kwanza ilikuwa kitu kilichokaa mshazari. Ya pili ilikuwa jambo lisilosemwa moja kwa moja, linalofikishwa kwa kuzunguka. Nilikaa na hiyo ya pili mpaka chai ikapoa. Nilishangaa kwamba Waingereza walikuwa na neno zima kwa ajili ya ukoo wetu.

Maana ya kwanza nayo haikuwa ngeni. Barua zote za utoto wangu zilipita kwenye kimstari hicho. Hatukuwa na sanduku la posta, kwa hiyo bahasha iliandikwa jina la baba, kisha c/o, yaani kwa mkono wa, kisha mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa karibu na kwetu, upande wa Kombewa. Kwenye karatasi za chuo mimi nilikuwa d/o, binti wa baba yangu, na baba kwenye karatasi zake alikuwa s/o, mwana wa baba yake. Hakuna aliyesimama peke yake. Kila mtu aliegemea mwenzake kupitia kimstari kile, na ukikisahau madam alikurudishia ukurasa mzima.

Lakini maana ya pili ndiyo iliyokuwa chakula chetu cha kila siku. Kwetu mtu aliyekuja kuomba jembe alikaa nusu ya asubuhi akisifu mvua. Jembe lilitajwa akiwa tayari mlangoni, tena kama kitu alichokikumbuka kwa bahati. Mtu hakukataa jambo, alisema "tutaona." Wachumba walitafutwa na mjumbe ambaye aliingia nyumbani mwa msichana akasema alikuwa anapita tu, ingawa njia ile haikwenda popote. Na habari ya kifo haikusemwa kamwe. Ilizungukwa. Uliambiwa mtu wako ni mgonjwa kidogo, njoo nyumbani, na uliposikia maneno hayo ulijua umeshafiwa, ukaanza kutafuta nguo nyeusi.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuuchukia mtindo huo. Mama yangu alipofariki nilikuwa darasa la pili. Shangazi, dada yake baba, alikuja kunichukua shuleni akaniambia mama ni mgonjwa kidogo, tunaenda kumwona. Njiani nilinunuliwa mandazi. Nilikula moja nikamwekea mama la pili, nikalifunga kwenye kitambaa ili lisipoe. Nilifika nalo nyumbani nikakuta watu wamejaa na udongo umeshachimbwa. Hakuna aliyenidanganya kwa ubaya, najua. Lakini tangu siku hiyo nikiulizwa swali nilijibu, na nikitaka kujua jambo niliuliza.

Wakati huo wa chuo tuliishi mtaa wa Kaloleni, hapohapo Kisumu, baba, shangazi na mimi. Baba alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha unga. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Dani kama Wajaluo wanavyowaita bibi zao, aliishi nyumbani kule upande wa Kombewa. Baba alikuwa mwanawe wa kwanza, na kwa Dani mwana wa kwanza alikuwa ndiye serikali.

Jumatatu moja jioni tulipigiwa hodi. Alikuwa mzee wa kutoka nyumbani, jirani ya Dani, na alikuwa safarini kwenda Sondu kumwona binti yake aliyeolewa huko. Alipewa kiti. Alipewa maji. Aliuliza habari za kazi, akauliza habari za masomo yangu, akasema joto la Kisumu limezidi. Baba alimwangalia tu.

"Iko neno kidogo," mzee alisema mwishowe. "Lakini kwanza tukule."

Shangazi aliyekuwa akipika alishusha mwiko. Nyumbani kwetu mtu akikwambia ule kwanza kabla hajakupa habari, habari umeshaipata. Tulikula. Yaani mzee alikula ugali na omena kama mtu anayelipwa, nasi tukaangalia sahani. Aliponawa mikono akasema, "Mama ni mgonjwa kidogo. Ni kifua. Anasema kijana yake akuje."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi damu ilinipanda. Nikasema kile ambacho mtoto wa Kijaluo hasemi mbele ya wakubwa.

"Baba, Dani amekufa?"

Mzee alinitazama kama niliyevua nguo. "Hapana, nyathina," alisema polepole, akiniita mtoto wake. "Hajakufa. Ni mgonjwa tu."

Hapo shangazi akaangua kilio. Maana mtu akiulizwa waziwazi namna hiyo angejibu nini tena? Jibu lilikuwa ni hilohilo, awe amekufa au yu hai. Hata mimi, mwenye kuuliza, niliposikia "hajakufa" nikajua Dani wangu amekwisha, nikaingia chumbani nikalia mpaka kamasi. Mzee alikaa kidogo, akatuambia tujikaze, akaenda kulala kwa mtu wake mtaa wa Manyatta. Alfajiri akashika njia ya Sondu.

Sasa niseme wazi, kwa kuwa ni mimi ninayeandika na hakuna wa kunizuia: Dani alikuwa hai. Mzee alikuwa amesema kweli tupu, neno kwa neno. Dani alikuwa na homa na kifua kibaya, pumzi inakuja kwa shida, na watu wa boma walikuwa tayari kumpeleka hospitali ya Kombewa. Alikataa. Alisema hapelekwi hospitali na watu nusunusu, atapelekwa na mwanawe, na mwanawe ameshatumiwa habari. Kwa hiyo alikaa kwenye baraza akisikiliza barabara. Kila gari likipita aliuliza kama limesimama.

Nasi mjini tulikuwa tunapanga mazishi yake.

Ningependa kusema tulifanya hivyo kwa pupa, lakini tulifanya vizuri sana. Jumanne baba aliomba ruhusa kazini. Jioni watu wa kwetu walioko mjini walikuja, wakakaa kwenye mabenchi nje, wakachanga. Shangazi alinunua sukari na majani ya chai ya kutosha umati. Jumatano baba alikwenda soko la Kibuye kwa maseremala kutafuta jeneza. Seremala alimwuliza urefu wa marehemu. Baba alifikiri, akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe. Nadhani alimpima mama yake kama alivyomwona akiwa mtoto.

Gari tulipata kwa jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Kisumu kutoka pwani na msafara, na ambaye alikuwa na pikapu ya kusambazia mikate. Alikubali bila neno. Lakini Jumatano jioni alitukuta bado tunapanga vikombe kwenye makatoni, akashindwa kujizuia.

"Bwana," alimwambia baba, "mama yako amefariki tangu juzi, nanyi bado mnahesabu vikombe? Sisi mtu akifa asubuhi, adhuhuri tumemstiri."

"Mzee," baba alijibu kwa upole, "kwetu haraka iko wakati mtu ni mgonjwa. Akishakufa, haraka ya nini?"

Nilikuwepo. Niliisikia sentensi hiyo kwa masikio yangu, nikaona ina busara. Naikumbuka mpaka leo.

Alhamisi asubuhi tuliondoka. Baba na mwenye gari walikaa mbele. Shangazi, mimi na wanawake wengine wa ukoo tulikaa nyuma na jeneza, ambalo lilikuwa refu mpaka mlango wa nyuma haukufungika. Tulipoiacha lami na kushika njia ya kwetu, shangazi akagonga paa la gari. Likasimama. Akashuka, akajifunga leso kiunoni, akaanza kukimbia mbele ya gari akipiga nduru, maana mwombolezaji haingii nyumbani kimyakimya kama mwizi wa kuku.

"Uwi! Mama! Uwi!"

Wanawake wengine wakashuka, wakamfuata. Watu wa mashambani wakainua vichwa. Ukisikia nduru kwetu huulizi, unatupa jembe unakimbia nawe, utauliza mbele ya safari. Walituona, wakaona jeneza, wakamtambua baba, wakahesabu wenyewe. Kwani si kweli mama yake alikuwa mgonjwa? Basi amekata roho sasa hivi. Wakajiunga. Tulipokaribia boma tulikuwa kundi kubwa la watu wenye uhakika kamili.

Naye Dani barazani alisikia nduru zikija. Alichofanya ni kile ambacho angefanya siku nyingine yoyote. Alishika fimbo, akainuka na kifua chake kile, akajikongoja mpaka langoni kwenda kuwapokea waombolezaji. Alikuwa ameshaanza kulia. Hakujua anamlilia nani, lakini mtu wa kijiji chake alikuwa amekufa na hilo lilitosha.

Shangazi ndiye aliyemwona kwanza. Nduru ilikatika kooni kama bomba lililofungwa. Akasimama, na walio nyuma yake wakamgonga mgongoni, na walio nyuma yao vilevile. Pikapu ikazima.

"Nani amekufa?" Dani aliuliza huku akijifuta machozi kwa kanga.

Baba alishuka garini. Alikuwa amevaa koti la suti na ua dogo jeupe kifuani. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Mama," alisema. "Tulikuwa tunapita tu."

"Mnapita mnaenda wapi?"

"Mbele huko."

Mbele huko palikuwa na ziwa. Dani alimtazama mwanawe, akatazama gari, akatazama kile kilichotokeza nyuma.

"Na hiyo sanduku?"

"Ni ya mtu."

"Mtu gani?"

Baba aliitazama kofia yake. Mimi mwenyewe, bingwa wa kusema wazi, nilikuwa nimejificha nyuma ya katoni la vikombe. Dani alisogea kwa fimbo yake mpaka nyuma ya gari, akapumua kwanza, kwa sababu hatua chache zile zilikuwa zimemmaliza. Akalipima jeneza kwa macho, kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Yawa," alisema. "Mimi ni mrefu hivi?"

Baba alipiga magoti pale njiani akalia. Alilia vibaya, na koti lake na ua lake, akasema, "Mama, tulijua umekwenda, tulijua umekwenda," na Dani akamwekea mkono kichwani akamwambia anyamaze, watu wanaangalia. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote, na nilimkasirikia kuliko siku zote, yeye na shangazi na ukoo mzima.

Dani hakuwa na nguvu ya mazungumzo marefu. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alisema apelekwe hospitali sasa, kwa kuwa mwanawe amefika. Hapo ukazuka mjadala mwingine. Hatungeweza kumpeleka mgonjwa hospitali na jeneza nyuma, wagonjwa kwenye benchi wangekimbia. Lakini wazee wa boma walisema jeneza tupu haliingii nyumbani ambako hakuna maiti, ni kuita balaa. Mmoja alipendekeza lirudishwe Kisumu. Mwingine akasema jeneza halirudi. Walizunguka hapo huku Dani ameshikilia mlango wa gari akitafuta pumzi.

"Teremsha," alisema.

"Mama, wazee wanasema..."

"Nimesikia. Mahindi yangu inaliwa na panya. Weka kwa stoo."

Likateremshwa. Tulimlaza Dani kwenye kiti cha mbele, kichwa mapajani mwa baba, na mwenye gari akaendesha kama ambavyo angeendesha tangu Jumanne kama angepewa nafasi. Kombewa walimpokea, wakamweka kitandani, wakamtundikia maji. Daktari, kijana mpole, alituambia kwamba siku moja zaidi angekuwa anazungumza na sisi habari nyingine. Hata yeye hakuitaja.

Mzee aliyeleta habari alirudi kutoka Sondu Jumapili. Njiani alikuwa ameambiwa kwamba mama wa watu amezikwa, au amefufuka, inategemea ulimwuliza nani. Alikuja moja kwa moja hospitali. Alimkuta baba nje kwenye nyasi.

"Lakini mimi nilisema ni mgonjwa," alisema mzee, na alionekana ameumia.

"Ulisema," baba alikubali. "Lakini ulianza na chakula."

"Nilikuwa na njaa," alisema mzee. "Nilitoka nyumbani bila kitu kwa tumbo."

Kisha wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Dani alipopata nguvu alituita sote tusimame kuzunguka kitanda. Alitoa sheria, na hakuizungusha. "Nikiwa mgonjwa, semeni ni mgonjwa. Nikikufa, semeni amekufa. Na mkisikia ni mgonjwa, mkuje mbio. Sitaki watu wakuje kwa mwili. Nataka mkuje nikiwa naona." Shangazi alijikunyata kusikia maneno hayo makavu. Mimi niliona kwamba mwishowe mtu wa ukoo wangu amesimama wima.

Aliishi miaka mingine mingi. Jeneza lilijaa mahindi kila msimu, likafunikwa na gunia, na panya hawakuliweza. Wageni waliokwenda stoo walitoka wakiwa kimya. Mimi nilimaliza chuo nikaajiriwa ofisini Kisumu, ambako nilipiga kile kimstari maelfu ya mara kwenye namba za mafaili, na kidole changu kikaacha uvivu.

Kisha katikati ya miaka ya tisini simu iliita ofisini. Ilikuwa sauti ya shangazi, ambaye sasa aliishi nyumbani na Dani, akipiga kutoka kibanda cha simu Kombewa. Hakunisalimu. "Dani ni mgonjwa," alisema, akakata. Nilimpigia baba kiwandani. Hatukupanga kikombe hata kimoja. Jioni ile tulikuwa kando ya kitanda chake, na Dani alifungua macho akatuona, akatutaja kwa majina mmoja mmoja kama anayetuhakiki. Baba alikaa naye siku kadhaa. Alimlisha uji kwa kijiko, na wakacheka mambo ya zamani ambayo sisi wengine hatukuyajua. Dani alipopata nafuu alimruhusu baba arudi kazini, nami nikabaki kwa likizo niliyokuwa nayo.

Asubuhi moja baada ya hapo nilikwenda Kombewa kwa miguu, sikungoja gari. Niliingia kibanda cha simu nikampigia baba. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Yalikuwa mawili tu, na sheria ilikuwa wazi, na mimi ndiye niliyeipenda kuliko wote. Nilisikia simu ikipokelewa, nikamsikia baba akisema halo, na nyuma yake mashine za unga.

"Baba," nilisema. "Umekula?"

Mashine ziliendelea. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwuliza baba yangu kama amekula.

"Nimekula," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe je?"

"Nimekula."

"Joto huko?"

"Kidogo."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Lile sanduku," baba alisema. "Bado iko?"

"Iko," nilisema. "Nimeshatoa mahindi."